Jina Lako Litukuzwe: Ombi Linalosikika Kama Sifa

Katika mafundisho mengi ya sala yanayotolewa makanisani na kwenye jumuiya ndogondogo, waumini huelekezwa waanze kwa kumsifu Mungu, kisha watubu, washukuru, na mwisho ndipo wapeleke haja zao. Utaratibu huo una manufaa, kwa kuwa humzuia mtu asiifanye sala kuwa orodha ya mahitaji. Tatizo hutokea pale mwalimu anapotafuta mfano wa sehemu ile ya kwanza, akaichukua Sala ya Bwana na kueleza kwamba maneno "Jina lako litukuzwe" ndiyo sifa, na kwamba maombi yenyewe yanaanza baadaye, kwenye ufalme au kwenye mkate. Maelezo hayo yamezoeleka kiasi kwamba ni wachache wanaoyatilia shaka. Hata hivyo yanaiondolea sala hiyo ombi lake la kwanza, na ombi hilo likishaondolewa, inakuwa vigumu kueleza kwa nini maombi yanayofuata yamepangwa jinsi yalivyopangwa.

Tuitazame sentensi yenyewe. Katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo maneno matatu yanafuatana kwa umbo moja: jina litukuzwe, ufalme uje, mapenzi yatimizwe. Wakatoliki husali "ufalme wako ufike, utakalo lifanyike", lakini umbo halibadiliki. Luka, katika sura ya 11, anaitoa sala hii kwa ufupi zaidi, na humo pia jina linatangulia na ufalme unafuata. Hakuna anayetamka "Ufalme wako uje" akadhani kwamba anamsifu Mungu kwa kuwa na ufalme. Kila mtu anajua kwamba hapo anaomba. Basi hakuna sababu ya kulisoma neno la kwanza kwa namna tofauti na mawili yanayoliandama. Sifa ina sura nyingine, nayo Biblia inaifahamu vizuri. Zaburi ya 8 inastaajabu jinsi jina la Mungu lilivyo tukufu duniani mwote. Mtunga zaburi anatamka jambo analoliona lipo; anayesali Sala ya Bwana anaomba jambo litendeke, na kwa kuomba anakiri kwamba halijatendeka, au halijatendeka kwa ukamilifu.

Papo hapo fundo la pili linajitokeza. Ikiwa jina la Mungu ni takatifu tangu milele, tunaomba litukuzwe kwa maana gani? Je, kuna utukufu uliopungua? Swali hili si geni, na miongoni mwa walioliuliza mapema walikuwa Waafrika. Sipriani, askofu wa Karthago, mji ambao magofu yake yako Tunisia ya leo, aliandika ufafanuzi wa Sala ya Bwana miaka michache baada ya mateso yaliyoanzishwa na Kaisari Decius mwaka 250, wakati Kanisa lake lilikuwa limejaa watu waliokubali kuitolea sadaka miungu ya Kirumi ili kuokoa maisha yao. Alisema kwamba hatumtakii Mungu atakaswe kwa sala zetu, maana nani awezaye kumtakasa Yeye atakasaye wote? Tunaomba jina lake litakaswe, yaani litukuzwe, ndani yetu, na tunaliomba kila siku kwa sababu kila siku tunaanguka. Kwa wasomaji wake maneno hayo hayakuwa nadharia. Walikuwamo waliobatizwa kwa jina hilo na kisha wakalikana mbele ya hakimu, na sasa walikuwa wanabisha hodi warudi kundini.

Yapata miaka 160 baadaye Agostino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alimwandikia mjane aitwaye Proba barua ndefu kuhusu sala. Alimweleza kwamba tunaposema "Jina lako litukuzwe" tunajiamsha wenyewe tutamani kwamba jina lililo takatifu daima lihesabiwe takatifu na wanadamu pia, wala lisidharauliwe, na kwamba faida ya jambo hilo ni ya watu, si ya Mungu. Miaka zaidi ya elfu moja ikapita. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 ambayo vijana wa kipaimara katika makanisa ya Kilutheri Tanzania wanaisoma mpaka leo, alitoa jibu hilohilo kwa maneno machache: jina la Mungu ni takatifu lenyewe, lakini katika sala hii tunaomba liwe takatifu kwetu pia. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafafanua kwamba kutukuza hapa hakumaanishi kulifanya jina kuwa takatifu, kazi ambayo ni ya Mungu peke yake, kunamaanisha kulitambua na kulitendea kama lilivyo; kisha inaongeza kwamba maneno haya yametolewa kwetu kama ombi. Ni nadra kuwakuta Sipriani, Agostino, Luther na Roma wakikubaliana hivi, na makubaliano hayo yanapaswa kumpa msomaji utulivu kabla hatujaingia mahali penye utata zaidi.

Mahali hapo ni neno jina. Katika Maandiko ya Kiebrania jina la Mungu ni zaidi ya sauti ya kumwitia. Musa alipoomba kuuona utukufu wa Mungu, aliambiwa kwamba jina litatangazwa mbele yake, na katika sura ya 34 ya kitabu cha Kutoka kilichotangazwa kilikuwa tabia: mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli, asiyemhesabia mwovu kuwa hana hatia. Jina ni Mungu kama alivyojitambulisha kwa watu, pamoja na sifa aliyojipatia kwa matendo yake ya kuokoa na kuhukumu. Ndiyo sababu linaweza kuheshimiwa au kuchafuliwa, ingawa Mungu mwenyewe hafikiwi na uchafu wowote.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana njia ya karibu ya kulielewa jambo hili. Kwetu mzazi akishapata mtoto, jina lake la zamani huanza kusahaulika mtaani. Anakuwa Mama Neema au Baba Juma, na mwenendo wa Juma, uwe mwema au mbaya, unamfuata baba yake hadi sokoni na msibani. Katika sura ya 3 ya Kutoka, Mungu anajitambulisha kwa namna inayokaribiana na hiyo. Anapomtuma Musa kwa Waisraeli anasema kwamba yeye ni Mungu wa Ibrahimu, Mungu wa Isaka na Mungu wa Yakobo, na kwamba hilo ndilo jina lake hata milele. Amekubali kujulikana kwa watu wake, akiwemo Yakobo, mtu aliyemdanganya baba yake mzazi akiwa kipofu kitandani. Kuanzia hapo jina la Mungu limefungamanishwa na watu wanaoitwa kwalo, na kila wanachofanya kinasemwa juu yake.

Ni nani basi anayeombwa alitukuze jina hilo? Wengine hujibu kwamba ni sisi: tunaahidi mbele za Mungu kwamba tutaishi vizuri. Wengine husema ni Mungu: tunamwomba aingilie kati na kuudhihirisha utakatifu wake mbele ya ulimwengu. Wafafanuzi wa Maandiko wamebishana kuhusu hili kwa muda mrefu, na maandiko yanayosaidia kuliko yote yamo katika sura ya 36 ya kitabu cha nabii Ezekieli, sura ambayo kwa maoni yangu ingefaa isomwe kila mara kabla ya kuifundisha Sala ya Bwana.

Ezekieli alikuwa miongoni mwa Wayahudi waliohamishwa kwa nguvu kwenda Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, na akiwa huko alipata habari ya kuanguka kwa Yerusalemu na kuteketezwa kwa hekalu miaka kumi na kidogo baadaye. Katika fikra za wakati ule, taifa lililofukuzwa katika nchi yake lilikuwa ushahidi kwamba mungu wake ameshindwa. Mataifa waliwaona Wayahudi wakipita na mizigo yao, wakasema: hawa ndio watu wa BWANA, na tazama wametoka katika nchi yake. Nabii anasema kwamba kwa njia hiyo jina takatifu lilitiwa unajisi kila walikokwenda. Liangalie vizuri jambo hili, maana linachanganya. Watu walihamishwa kwa sababu ya dhambi zao wenyewe, za kumwaga damu na kuabudu sanamu. Mungu aliwaadhibu kwa haki. Lakini adhabu yenyewe ikawa sababu ya jina lake kudharauliwa, kwa kuwa watazamaji hawakuona haki, waliona udhaifu. Mungu akiacha dhambi ipite, jina linachafuka. Akiiadhibu, jina linachafuka pia. Anaonekana amebanwa pande zote mbili na uamuzi wake wa zamani wa kujiita Mungu wa watu hawa.

Jibu linalotolewa na nabii ndilo chimbuko la ombi tunalolijadili. Mungu anasema kwamba atalitakasa mwenyewe jina lake kuu lililotiwa unajisi kati ya mataifa, na anaeleza bila kuwabembeleza kwamba hatafanya hivyo kwa ajili yao. Kisha anaeleza njia atakayoitumia. Atawakusanya kutoka nchi zote. Atawanyunyizia maji safi. Atatoa ndani yao moyo wa jiwe na kuwapa moyo wa nyama, na ataweka roho yake ndani yao ili waenende katika sheria zake. Mataifa watajua kwamba yeye ndiye BWANA pale atakapotakaswa kati ya watu wale wale waliomchafua, mbele ya macho ya watazamaji wale wale.

Ukisoma hivyo, mabishano ya ni nani anayelitukuza jina yanapungua ukali. Mtendaji ni Mungu, na mahali pa tendo ni maisha ya watu wake. Mwanadamu hawezi kulirudishia jina heshima kwa juhudi zake, maana ndiye aliyelichafua, na Mungu naye hajachagua kulitakasa kwa ngurumo za mbinguni huku watu wake wakibaki walivyo. Anayesali "Jina lako litukuzwe" anamwomba Mungu afanye alichoahidi kwa kinywa cha Ezekieli, na bila kujua pengine, anajitoa awe sehemu ya eneo la kazi. Karibu na mwisho wa sura hiyo, akizungumzia ahadi ya kuwaongeza watu kama kundi la kondoo, Mungu anasema kwamba hata kwa jambo hilo ataombwa na nyumba ya Israeli ili awatendee. Ameshaamua, ameshaahidi, na bado anataka aombwe. Wayahudi walilichukua kwa uzito: sala yao ya Kiaramu iitwayo Kadishi, inayosaliwa katika sinagogi na midomoni mwa wafiwa, inaanza kwa kuomba kwamba jina kuu la Mungu likuzwe na kutakaswa, na mara inaomba ufalme wake usimamishwe. Jina, halafu ufalme. Yesu alipowafundisha wanafunzi wake alikuwa anasema lugha ya sala ambayo Wayahudi wenzake wangeitambua.

Msomaji makini anaweza kuweka pingamizi hapa. Mungu anayetenda kwa ajili ya jina lake, na anayetaka watu waombe kwamba litukuzwe, ana tofauti gani na wakubwa wanaokasirika wasipotanguliziwa "Mheshimiwa"? Tumeona viongozi wa kutosha waliotaka kusifiwa, na tunajua kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Pingamizi hili lina nguvu mradi tu tuendelee kuamini kwamba jina la Mungu linatukuzwa kwa kusifiwa. Katika Ezekieli linatukuzwa kwa kuwarudisha wakimbizi nyumbani na kuwapa moyo mpya watu ambao hawakustahili. Mfalme mwenye majivuno huinua jina lake kwa gharama ya raia. Hapa kutukuzwa kwa jina na kuokolewa kwa watu ni tendo moja. Kwa hiyo Musa angeweza kusimama mbele za Mungu, katika sura ya 14 ya Hesabu, na kumwambia kwamba akiwaua Waisraeli jangwani mataifa watasema hakuweza kuwafikisha alikowaahidi. Yoshua naye, baada ya Waisraeli kushindwa vitani kule Ai, aliuliza kwa uchungu Mungu atafanya nini kwa ajili ya jina lake kuu. Hawa walilitumia jina kama hoja ya kuwatetea watu. Zaburi ya 79 inaomba msaada na msamaha wa dhambi kwa msingi huohuo.

Upande wa mwanadamu hauna budi kuelezwa pia. Sura ya 22 ya Mambo ya Walawi inaweka pamoja katazo la kulinajisi jina na tamko la Mungu kwamba atatukuzwa kati ya wana wa Israeli, na marabi walijenga juu ya maneno hayo fundisho zima la kulitakasa jina kwa mwenendo, na inapobidi kwa kufa. Hata Musa alikosea hapa. Kule Meriba aliupiga mwamba mara mbili kwa hasira, maji yakatoka, watu wakanywa na mifugo yao, na bado aliambiwa kwamba hataiingia nchi ya ahadi kwa sababu hakumwamini Mungu wala kumstahi mbele ya macho ya watu. Muujiza ulifanyika na jina halikutukuzwa. Wahubiri wanaopima kazi yao kwa wingi wa ishara wangefaa kukaa na habari hiyo kwa muda. Paulo, akiwaandikia Warumi, aliwaelekezea wanaojivunia sheria mashtaka yaliyokwisha kuandikwa na manabii, kwamba jina la Mungu linatukanwa katika mataifa kwa ajili yao.

Eneo la Maziwa Makuu lina sababu zake za kutolisoma neno hilo la Paulo kama habari za kale. Mwaka 1946 mfalme wa Rwanda, Mutara III Rudahigwa, aliiweka nchi yake chini ya Kristo Mfalme katika ibada ya hadharani. Chini ya nusu karne baadaye, mwezi Aprili 1994, maelfu ya Watutsi walikimbilia makanisani, kama yale ya Nyamata na Ntarama kusini mwa Kigali, wakiamini kwamba hakuna atakayewafuata humo, na waliuawa ndani ya kuta hizo. Wengi wa wauaji na wengi wa waliouawa walikuwa wamebatizwa kwa jina moja. Walikuwa wamesali Baba Yetu pamoja, katika lugha moja. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha mwaka 2016 kwa ajili ya Wakristo walioshiriki mauaji hayo, na mwezi Machi 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake, wakiwemo mapadre na watawa, walioshindwa na chuki. Kilichotokea kinafanana kwa uchungu na kile alichokieleza Ezekieli: ulimwengu uliwatazama watu wanaoitwa kwa jina la Mungu, ukatoa hukumu juu ya jina lenyewe.

Miaka mitatu baada ya mauaji ya Rwanda, katika nchi jirani ya Burundi iliyokuwa ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, waasi wenye silaha waliivamia seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Ilikuwa tarehe 30 Aprili 1997. Vijana waliokuwa bwenini waliamriwa wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Walikataa, na 40 kati yao wakauawa. Walezi wao walikuwa wamewazoeza katika miaka hiyo ya vita kuzungumza wazi kuhusu ukabila na kuishi kama ndugu, jambo ambalo wakati ule lilihitaji ujasiri hata kulitamka. Sijui namna bora zaidi ya kueleza kutukuzwa kwa jina la Mungu kuliko kuutaja ukweli huo bila kuupamba. Sala inaanza na "Baba yetu" kabla haijafika kwenye jina, na vijana wale walikataa kugawanywa katika watoto wa baba wawili. Kuna watakaosema kwamba mfano huu ni mkubwa mno kwa muumini wa kawaida ambaye hatawahi kuamriwa jambo kama lile. Huenda. Lakini kukataa kwao siku ile kulitoka katika mazoea ya siku nyingi ya kula meza moja na kusameheana mambo madogo, na hayo yapo ndani ya uwezo wa yeyote anayesali.

Yapo pia mambo mawili yanayohusishwa na ombi hili ambayo ni mepesi zaidi. La kwanza ni matamshi. Mungu alijifunua kwa Waisraeli kwa jina linaloandikwa kwa konsonanti nne za Kiebrania, ambalo Wayahudi kwa heshima waliacha kulitamka wakasoma "Bwana" mahali pake. Biblia ya Kiswahili ya Union inaufuata utamaduni huo kwa kuandika BWANA kwa herufi kubwa. Mashahidi wa Yehova wanaona kwamba jina lisilotamkwa haliwezi kutukuzwa, na wanalisisitiza kwa sababu ya ombi hili. Upande wa pili, mwaka 2008 idara ya Vatikani inayoshughulikia ibada, chini ya Kardinali Francis Arinze wa Nigeria, iliagiza kwamba jina hilo lisitamkwe katika liturujia ya Kikatoliki. Pande zote mbili zinatafuta kuheshimu. Jambo linaloonekana wazi ni kwamba katika Sala ya Bwana jina linaloombewa halitajwi. Yesu anamwita Mungu Baba na kuendelea. Ingekuwa ajabu kama kutukuzwa kwa jina kungetegemea silabi ambazo mwalimu wa sala hakuzitumia alipoifundisha.

La pili ni viapo. "Haki ya Mungu", "Mungu mmoja", "Mungu ni shahidi": maneno haya hutumika kila siku kuuza nguo, kukana deni na kusisitiza bao lililofungwa juzi. Amri ya kutolitaja bure jina la Mungu inahusika hapa, nayo Yesu alikwenda mbali zaidi alipofundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Hata hivyo ningemsihi mzazi anayemkemea mtoto kwa kuapa akumbuke kwamba Luther, katika Katekisimo Kubwa, alipolifafanua ombi hili alianza na jambo zito kuliko viapo: kuhubiri uongo kwa jina la Mungu na kuupitisha kama neno lake. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Hakuna neno la mtaani lililowahi kulidhuru jina kama mafundisho yale.

Hilo linatuleta kwenye desturi ya kumalizia maombi "kwa jina la Yesu". Wengi huyaona maneno hayo kuwa kama muhuri unaoipa sala nguvu, na wapo wahubiri wanaoyatumia kuamuru pesa, visa na ndoa. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 19, kinasimulia kuhusu wana saba wa Skewa waliojaribu kulitumia jina la Yesu kumfukuza pepo, na pepo akawajibu kwamba anamjua Yesu na anamfahamu Paulo, lakini wao ni nani. Wakakimbia uchi na majeraha. Katika sura ya 14 ya Yohana, Yesu anaahidi kufanya lolote litakaloombwa kwa jina lake, na sentensi hiyohiyo inataja kusudi ambalo mara nyingi huachwa linaponukuliwa: ili Baba atukuzwe ndani ya Mwana. Kuomba kwa jina la Yesu kwa hiyo ni kuendelea na ombi la kwanza la Sala ya Bwana. Haja isiyoweza kuwekwa chini ya ombi hilo haiwezi kusaidiwa na kutajwa kwa jina mwishoni, hata likitajwa kwa sauti kubwa mara saba.

Yesu mwenyewe alilisali ombi hili mahali ambapo lilimgharimu. Katika sura ya 12 ya Yohana, siku chache kabla ya kusulubiwa, anasema kwamba roho yake imefadhaika, na anajiuliza kama aombe kuokolewa katika saa ile. Halafu anaomba: "Baba, ulitukuze jina lako." Hakuacha kuomba ili amsifu Mungu, aliomba jambo moja badala ya lingine, na alijua kwamba jibu lake lingepitia msalabani. Anayesoma habari hiyo hawezi tena kuyachukulia maneno haya kuwa utangulizi wa heshima kabla ya kufikia mahitaji ya kweli.

Mpangilio wa sala nzima sasa unaeleweka vizuri zaidi. Origene wa Aleksandria, aliyeandika kuhusu sala katika karne ya tatu, alipendekeza kwamba maneno "hapa duniani kama huko mbinguni" yanaweza kusomwa pamoja na maombi yote matatu ya mwanzo. Likisomwa hivyo, ombi la kwanza linakuwa: jina lako litukuzwe duniani kama linavyotukuzwa mbinguni, ambako, kwa mujibu wa maono ya Isaya, maserafi wanaitana na kusema mtakatifu, mtakatifu, mtakatifu. Mbinguni hakuna upungufu. Ni duniani ndiko kuna Babeli, Nyamata na Shakahola. Mkate wa kila siku, msamaha na kuokolewa na yule mwovu yanaombwa baada ya hapo, na yanaombwa na watu wanaotaka kuwa na nguvu, amani na uaminifu wa kutosha ili jina walilobatizwa kwalo lisitukanwe kwa sababu yao.

Anayetafuta mahali pa sifa katika Sala ya Bwana anaweza kuelekezwa mwisho wake. Maneno "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu" hayamo katika nakala za kale zaidi za Mathayo, na ndiyo sababu Biblia ya Union inayaweka ndani ya mabano, lakini mafundisho ya Kikristo ya mapema yaitwayo Didake yana maneno yanayokaribiana nayo, na yanaelekeza sala hiyo isaliwe mara tatu kwa siku. Waprotestanti huyatamka moja kwa moja, nao Wakatoliki huyasema katika Misa baada ya padre kuongeza sala fupi. Hapo Kanisa linasifu. Wala hakuna haja ya kumzuia mtu ambaye moyo wake unageukia sifa mapema zaidi, anapofika kwenye jina; hata Katekisimu ya Kikatoliki inakubali kwamba katika kuabudu maneno hayo yamepokewa hivyo pia. Inatosha mwalimu asiwaambie wanafunzi wake kwamba maombi bado hayajaanza.